Pumba za Kishina

Kila mtu katika kitalu kile cha miche aliijua kanuni iliyoandikwa kwa rangi nyeupe juu ya mlango wa banda: PUNDA HAWALISHWI NAFAKA. Shangazi, mwenye kitalu, aliiandika kwa mkono wake. Binti wa kaka yake, msichana wa miaka kumi na miwili aliyeitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukupumzika, aliisoma kila asubuhi alipoingia kufagia, na kila asubuhi aliichukia.

Bandani waliishi punda wawili vibete, Kishina na Kifuu. Mgongo wa Kishina haukufika kiunoni mwa mtu mzima. Mabegani alikuwa na msalaba wa manyoya meusi, na masikio yake yalikuwa makubwa kana kwamba ameyaazima kwa punda mwingine. Kazi yao ilikuwa kuvuta kigari cha maji katika vijia vyembamba, ambamo punda wa kawaida angeponda nusu ya miche.

"Mnamnyima chakula mtoto huyu," Chiriku alimwambia mtunza punda, mtu mkimya aliyeitwa Makwato, kwani alitazama kwato za mnyama kabla ya uso wa mtu. "Kutwa mabua makavu! Ndiyo maana hakui."

"Mtoto ni wewe. Kishina ana miaka ishirini. Hebu fagia."

Chiriku alidhani anadhihakiwa. Tangu aletwe pale hakuwa amepata neno jema kwa Shangazi, naye alijiona sawa na Kishina: mdogo, wa kukaripiwa. Basi kila alfajiri akachota bakuli la pumba za mahindi katika gunia la chakula cha kuku, akampelekea. Baada ya majuma mawili shingo ya Kishina ilinenepa. Chiriku akafurahi moyoni: anakua!

Jumatatu moja Kishina alikataa kutoka bandani. Alisimama ameinyoosha miguu ya mbele, uzito wote ameutupa nyuma, kama aliyekanyaga makaa. Kifuu alimganda ubavuni, akilia kwa sauti iliyozidi umbo lake mara kumi.

"Ukaidi huo! Mvute!" alifoka Shangazi.

"Punda hakaidi bure, Mama," alijibu Makwato. "Akigoma, kuna jambo analolihofia."

Daktari wa mifugo aliitwa, mwanamke aliyevaa buti za mpira, akainama akazishika kwato. "Zinachoma kama sufuria. Nani anampa nafaka?"

"Hakuna!" alijibu Shangazi.

"Yupo. Tumbo la punda kibete ni la majani makavu. Mpe nafaka, hata pumba zake, atanenepa shingo, kisha maradhi yatashukia kwatoni. Na hawa hawalii wakiumwa. Ukiona hivi, ameteseka siku nyingi."

Shangazi akamgeukia Makwato. "Banda ni lako. Miaka tisa nimekuamini, kumbe unaniulia punda! Kusanya vitu vyako. Jioni nisikuone hapa."

Makwato alitazama pindo la gauni la Chiriku, lililokuwa na vumbi la pumba, kisha akaenda kukunja blanketi lake.

Ulimi usiopumzika ukakwama. Akisema, Shangazi atamfukuza yeye. Akinyamaza, mtu asiye na kosa atakosa kazi. Makwato alikwisha kushika komeo la lango ndipo Chiriku alipopaza sauti.

"Ni mimi, Shangazi! Mimi ndiye niliyempa pumba!"

"Rudia."

"Nilidhani ni mtoto. Nilidhani mnamtesa."

"Ulidhani! Kanuni uliisoma?"

"Niliisoma."

"Uliuliza sababu yake?"

"Sikuuliza," alisema Chiriku.

"Basi hadi Kishina atakapotembea, kazi yake ni yako. Kifuu hatoki bila mwenzake, na miche haingoji. Ndoo ishirini kila siku."

Makwato aliweka blanketi chini, lakini hakumsemesha Chiriku. Wanafunzi wenzake Chiriku, wakitoka shule, walichungulia uani wakimzomea, "Punda wa miguu miwili!" Yeye aliendelea kubeba ndoo. Siku ya tatu Shangazi alitoka na ndoo yake mwenyewe, akabeba maji nyuma ya Chiriku bila kumtazama. Ikawa hivyo kila siku.

Juma la sita, Kishina alivuka kizingiti kwa miguu yake minne, Kifuu akimfuata. Shangazi alitua ndoo.

"Sikiliza, binti," alisema, bila kulainisha sauti. "Ulimhurumia mnyama usiyemjua, ukavunja kanuni badala ya kuuliza. Huruma yako ikamlemaza. Nami nilimhukumu Makwato kabla ya kumwuliza, ndiyo maana nimebeba ndoo. Usilolijua, uliza. Ukikosa, sema siku ile ile, asiadhibiwe mwingine kwa ajili yako."

"Nimesikia, Shangazi. Makwato, unisamehe."

Makwato alizitazama kwanza kwato za Kishina, moja baada ya nyingine. Kisha akainua uso, akaipokea ndoo ya ishirini mkononi mwa Chiriku.

"Hii naibeba mimi," alisema. "Deni lako limekwisha."