Mabati ya Chumba cha Kwanza

"Baba watoto, shuka huko juu! Umerukwa na akili?"

Mama Cherehani alikuwa ametoka kuwapelekea wateja magauni yao. Anarudi nyumbani, anamkuta mumewe, Seremala, yuko juu ya paa anang'oa misumari. Tena si paa la jiko wala la stoo. La chumba cha kwanza, kile walichoanzia maisha!

"Akili ninazo. Kodi ya jengo imepanda tena, na safari hii wanahesabu vyumba vyenye paa. Kisichoezekwa hakimo."

"Ndiyo ukachagua hiki?"

"Hiki kinavuja, mke wangu."

"Kinavuja tangu tuko maharusi, mbona hukukiezua?"

Seremala akacheka, nyundo mkononi.

"Unaikumbuka ile mvua? Godoro tulilizungusha pembe zote, mwisho tukaishia kukaa juu ya meza."

"Ukanichemshia chai hapo hapo mezani, ukaunguza ubao!"

Alijikuta anacheka naye. Halafu machozi yakamtoka bila kumuuliza. Raha ile waliipata wapi, na hawakuwa na kitu?

"Wanetu wametambaa humu, baba watoto. Leo unakifanya gofu?"

Seremala akang'oa msumari mwingine.

"Simu yako uliiacha kwenye chaji. Dalali alipiga, nikapokea."



"Kasema nini?"

"Mnunuzi yuko tayari. Wewe umeshakubali, bado mimi kuambiwa. Ulitaka kuiuza nyumba yetu kimyakimya?"

"Nilitaka upumzike! Tangu watu waache kuagiza makabati umeuza msumeno wa umeme, umeuza na randa. Juzi nimekuona unaizungusha pete yako kidoleni, unaifikiria. Nikasema potelea mbali, nyumba iende, nibaki na mume wangu."

Seremala akaiweka nyundo juu ya bati.

"Sasa mimi nitakupeleka wapi? Chumba cha kupanga, uombe ruhusa ya kushona usiku? Ndiyo maana nilipokata ile simu nikapanda huku. Chumba kimoja tukikikosa hatufi."

 Mama Cherehani aliingia ndani, akachomoa simu kwenye chaji. Ujumbe wa dalali ulikuwa unamsubiri: "Mama, mnunuzi anakuja jioni. Mzee umeshamweleza?"

Akaandika: "Nimemweleza. Nyumba haiuzwi. Tunaipunguza tu."

Alipotoka nje alikuwa amejifunga kanga kiunoni. Akaishika ngazi, akaanza kupanda.

"Wee! Utaanguka, umenenepa siku hizi!"

"Aliyeninenepesha nani? Hebu nipishe."

"Unataka nini huku?"

"Hilo bati la juu ya kitanda chetu," alisema, akinyoosha mkono apewe nyundo, "nalitoa mimi."