Msokoto wa Pili

Ussi Matano alikuwa fundi wa mbao, mzaliwa wa Jibondo, lakini aliishi Kiegeani katika nyumba aliyojenga na mkewe. Kidawa alifariki kwa uzazi, na mtoto akamfuata mama yake kabla hajapewa jina. Miaka mitatu ilikuwa imepita, na bado Ussi alikuwa akisonga ugali wa watu wawili, kisha ule wa ziada akawamwagia kuku.

Asubuhi moja, mwaka ule Waingereza walipowatoa Wajerumani kisiwani, alikuwa uani akipiga randa mbao za mlango alipobishiwa hodi. Aliyeingia alikuwa mtu wa makamo, amevaa koti la khaki, na kofia yake ya viua ilikuwa imefifia rangi kwa jua. Alijitambulisha kuwa anaitwa Abeid, mtu wa Unguja, mpigaji wa simu ya upepo, ile isiyo na waya, kule kambini kwa Waingereza. Alitaka fremu mbili za mviringo, kimo cha dhiraa moja, zisizo na msumari hata mmoja, maana chuma kingeharibu kazi yake.

Ussi akazichonga kwa mbao kavu ya mfenesi na kuziunga kwa vigingi vya mti. Alipozipeleka, Abeid alimweka kibandani amtazame akisokota waya mnene wa shaba, pete juu ya pete, mpaka zikatimia pete ishirini na tatu. Akamweleza kwamba injini ya petroli hurundika umeme ndani ya machupa, umeme ukijaa huruka kama radi ndogo baina ya vifundo viwili, na msokoto ndio unaoupa radi hiyo sauti yake. Bila msokoto ni kelele tu. Penye msokoto, kelele hugeuka mwito, na mwito huo humfikia yule aliyelingana nao.

Ussi aliuliza kulingana ni nini.

"Umepata kuona magambusi mawili yametundikwa ukutani?" Abeid alisema. "Ukipiga uzi wa moja, uzi wa pili uliokazwa sawa nao hutetemeka wenyewe. Hakuna aliyeugusa."

Fremu ya pili ilipata ufa, ikakataliwa. Abeid akaisokota vilevile, pete ishirini na tatu, akaifungia chupa iliyovikwa karatasi ya bati, akampa Ussi akaiweke dirishani kwake. Ncha za waya alizisimamisha zikakaribiana chini na kuachana juu, kama vidole viwili vilivyopanuliwa. Kambi ilipopiga simu, cheche ilizuka pale chini, baina ya ncha, urefu wa punje ya mchele. Kadiri mpigaji anavyokaribia, Abeid alisema, ndivyo cheche itakavyopanda juu. Na mpigaji akiwa mbali kupita mwisho wa kijiji, msokoto ule hautasema kitu.

Watu wa Kiegeani walimkwepa Abeid. Walisema anazungumza na majini. Hakuna aliyemkaribisha hata kahawa, isipokuwa Ussi. Wakawa wanakula pamoja barazani, wapweke wawili, wakisemezana machache. Na kila siku saa sita mchana, kabla ya kuanza kazi, Abeid alimpigia Ussi salamu yake: mbili fupi, moja ndefu. Ussi aliweka randa chini, akaitazama cheche, akacheka peke yake. Ilikuwa sauti ya kwanza ndani ya nyumba ile tangu Kidawa.

Baada ya miezi sita kambi ilivunjwa. Mashine zikatiwa makashani, zikapakiwa kwenye jahazi pamoja na Abeid. Walipoagana ufukweni Abeid alimshika mkono kwa muda mrefu, akasema kwa sauti ya chini, "Nikipata pa kukaa, nitakuita."

Habari zililetwa na Hemedi, mwalimu wa chuo cha Kurani pale kijijini, siku ya nane. Jahazi lilipasuka kwenye mwamba ng'ambo ya kisiwa cha Bwejuu. Mabaharia waliogelea wakaokoka. Abeid alikuwa chini, kwenye ngama, tumboni mwa jahazi, amelala juu ya makasha yake. Hakuonekana, wala makasha hayakuonekana.

Ussi alisoma hitima na watu watano. Kisha akarudi nyumbani. Hakuuondoa msokoto.

Siku ya arobaini, jua likiwa la utosi, saa ile wazee wanayokataza watu kupita makaburini, alisikia mlio. Mdogo, kama wa mdudu kwenye makuti. Akageuka dirishani.

Baina ya zile ncha, pale chini kabisa, kulikuwa na cheche nyembamba kama unywele.

Mbili fupi. Moja ndefu.

Jambo la kwanza lililomjia Ussi halikuwa hofu. Alifurahi. Alikaa kitako mbele ya dirisha, machozi yakimtoka, akaitikia salamu kwa mdomo, kama mtu aliyekuwa akingojea mgeni na sasa mgeni amepiga hodi. Baadaye tu, akila peke yake, alilirudisha tonge sahanini. Alikumbuka kwamba hapakuwa tena na kambi. Na kwamba msokoto ule haumsikii aliye mbali.

Kesho yake cheche ilikuwa punje ya mchele.

Keshokutwa, ukucha.

Siku ya nne, shemeji yake Mize, dada wa marehemu Kidawa, alimletea samaki wa kupaka, akamkuta hajaoga wala hajachana ndevu. Ussi alipokea shikamoo yake bila kumtazama. Mize akaweka chakula chini, na hapo mlio ukaanza. Cheche ilipanda ikafika nusu ya kidole, buluu, ikiunguruma. Mize alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango.

Ussi akamweleza yote. Alimwonyesha kwa kidole namna cheche ilivyokuwa ikipanda siku kwa siku: pwani jana, kwenye minazi leo.

"Shemeji," Mize alinong'ona, "huyo anayekuja si rafiki yako. Rafiki yako amekufa."

"Aliahidi kuniita."

"Aliyekufa akiita, haitikiwi."

Alimsihi autupe mtambo ule, ahamie kwake, chumba kipo. Ussi alijua namna ya kuunyamazisha. Abeid mwenyewe alimfundisha: pete moja tu ikitoka, msokoto huacha kulingana na mwenzake, unakuwa kiziwi. Ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Lakini alimjibu Mize kwamba ataangalia kesho. Hakumwambia sababu. Sababu ni kwamba ile ndiyo sauti pekee duniani iliyokuwa ikimtafuta.

Siku ya tano alifunga mlango kwa komeo, akakaa.

Jua lilipofika utosini, kuku wa uani walinyamaza wote pamoja. Cheche ikazuka. Ilipanda ikapita kidole. Ikapita viwili. Harufu ya radi ikajaa chumbani, na chini yake harufu nyingine, ya mwani uliokaa juani.

Mbili fupi. Moja ndefu.

Amefika uani, Ussi aliwaza.

Cheche ikapanda tena.

Mlangoni.

Aliangalia komeo. Halikutikisika. Hapakuwa na hodi wala kivuli chini ya mlango. Cheche iliendelea kupanda, ikafika ncha za juu kabisa, upana wa kiganja, ikasimama hapo ikilia bila kukatika. Salamu ilikuwa imekwisha. Ilikuwa sauti moja tu, ndefu.

Ndipo hofu ilipompata. Akauvamia msokoto, akaivuta pete ya juu kwa mikono miwili. Shaba ikamchoma viganja. Hakuiacha. Pete ikatoka.

Kimya.

Alisimama akihema. Kuku wakaanza kulia tena uani. Alijiambia amemzuia. Alihesabu pumzi zake, moja, mbili, tatu, na kila pumzi ilimleta karibu na jambo ambalo hakutaka kulifikiri. Msokoto haukuwa mlango. Haukumleta mtu, wala haukuweza kumfukuza. Ulikuwa ukimwonyesha tu mgeni amefika wapi.

Na sasa hakikuwapo tena kitu cha kumwonyesha.

Nyuma yake, kamba za kitanda zililia polepole, kama zinavyolia mtu anapokaa.

Hakugeuka. Alifungua komeo, akatoka, akaenda moja kwa moja mpaka kwa Mize bila kofia wala viatu. Siku ile ile waliingia watu watatu pamoja na mwalimu Hemedi, wakasoma, wakatafuta kila pembe. Hawakuona mtu. Kitanda kilikuwa kimelowa.

Ussi alirudi kwao Jibondo, akaishi huko miaka mingine kumi na saba. Hakuoa. Aliunda majahazi, akafunza mafundi, akawa mtu wa maneno machache. Hakumsimulia mtu ila Mize. Waliokuwa karibu naye waliona jambo moja tu: usiku hakulala katikati ya kitanda. Alilala pembeni kabisa, ukutani, na upande wa pili aliuacha wazi.

Alipofariki alikuwa amelala ndani miezi miwili, hajagusa bahari. Waliomwosha walikuwa wazee wa pale, watu wazima wasiopenda uzushi. Walisema upande wake wa kulia ulikuwa kama wa maiti yoyote. Upande wa kushoto, kutoka begani mpaka kifundo cha mguu, ulikuwa umeganda chumvi nyeupe, kavu. Waliuosha mara tatu kabla haijatoka.