Kitufe Kisichoitika

Kila alfajiri, kabla ya kwenda shule, Ratri alimsaidia mama yake mdogo, Bi Lastri, kufunga wali wa nazi kwenye majani ya mgomba. Mjini Solo, Indonesia, wali huo haukosi wateja. Oda ziliingia kwa programu ya simu ambayo Ratri aliitengeneza katika klabu ya kompyuta shuleni, na alijisifu kwayo hadi wenzake wakachoka kumsikiliza.

Siku hiyo jirani yao, Babu Darmo, aliyekuwa na kisomo cha dua nyumbani kwake, alionekana ameagiza mara tatu, kila oda vifurushi ishirini. Wakapika na kumpelekea. Mzee akashika kiuno.

"Lastri, unalisha kisomo au jeshi? Mimi nimeagiza ishirini tu."

"Simu inasema sitini, Babu. Labda macho yamechoka."

Mzee akatazama chini. Ratri alimwonea huruma, na roho ikamsuta.

"Babu, kile kitufe ulikibonyeza mara ngapi?"

"Mara tatu, mjukuu wangu. Si ndivyo tunavyopiga salamu mlangoni kwa mtu? Mara tatu, usipoitikiwa unaondoka. Nikabonyeza, kimya. Nikarudia, kimya. Nikaacha."

Ratri akamgeukia Bi Lastri. "Mama mdogo, kosa ni langu. Nilipoijaribu programu niliona ukibonyeza mara mbili zinaingia oda mbili. Nikakwambia iko sawa kwa sababu nilitaka sifa."

Bi Lastri alimpa kapu la vifurushi arobaini vilivyozidi akaviuze kwenye lango la shule.

"Injinia, wali bei gani?" wenzake walimtania. Ratri aliona aibu, lakini aliuza mpaka kapu likaisha.

Jioni aliketi kurekebisha programu. Sasa kitufe kikiguswa mara moja tu, kilibadilika rangi, kikaandika "Tumepokea", na hakikukubali tena kubonyezwa mpaka oda ifike. Bi Lastri alikijaribu mwenyewe, akabonyeza na kubonyeza. Ikaingia oda moja.

"Umeona? Kitufe umekitengeneza kwa jioni moja," alisema. "Lakini kasoro uliijua, ukaificha, mpaka mzee wa watu akaonekana hana akili. Ukiona kosa kwenye kazi yako, sema palepale, kabla mwingine hajabebeshwa lawama."

"Nimeelewa, Mama mdogo."

"Vizuri. Vaa viatu. Mimi ndiye niliyemwambia macho yamechoka, kwa hiyo tunakwenda wote kumwomba radhi."