Farasi wa Kapya na Mbabula Ndani ya Nyumba

Maneno yalianzia bombani: mtoto wa barabara ya pili alilala mzima, asubuhi akakutwa amekufa. Hana jeraha, hana homa. "Ni mulozi," walisema wanawake wakijaza ndoo. "Anaingia pa dirisha." Kapya aliyasikia hayo maneno ya mchawi, akarudi nayo nyumbani, na tangu siku hiyo hayakumtoka kichwani.

Nyumbani hapakuwa na wa kumwambia. Mama yake alikwenda Kilwa, kule ziwani, kununua samaki wakavu, na barabara mbaya ilimchelewesha. Baba alikuwa mgodini mpaka usiku. Rafiki yake Mwaba alihamia Kolwezi na wazazi wake, akamwachia farasi wa plastiki mwenye miguu mitatu. Basi kila siku Kapya, msichana wa miaka kumi na miwili, alitoka shuleni, akafagia, akapika, kisha akazungumza na farasi.

Alitaka kumfanya mpya. Alimsugua kwa msasa, maana rangi haishiki penye utelezi. Akamwosha kwa sabuni kuondoa mafuta ya mikono. Mguu uliokosekana akautengeneza kwa waya wa shaba, akauvika vumbi la mbao lililokandwa kwa gundi. Shingo nayo akaiongezea kidogo upande mmoja, ili farasi aonekane anageuka kumtazama mtu.

"We Kapya, punda yako inakula nini?" watoto wa jirani walimcheka.

Tata Ngosa, mchoraji wa vibao vya maduka, alikuwa amemwahidi kumpaka farasi rangi ya kahawia iliyobaki kazini. "Lakini kesho asubuhi naenda Likasi, nitapita hapa kwanza," alimwambia. "Nikikuta iko mubichi, sipake. Rangi itabanduka yote."

Kapya akauminya ule mguu. Bado ulikuwa laini. Ilikuwa Juni, baridi inauma, na jua linakaribia kuzama. Akaiingiza ndani mbabula, lile jiko la makaa linalokaa uani, akamweka farasi kando yake. Kwa hofu ya mulozi akatia komeo mlangoni, akafunga dirisha, akaziba mwanya wa chini kwa gunia.

Joto lilikuwa tamu. Makaa hayakutoa moshi hata kidogo. Baada ya muda kichwa kikaanza kumgonga, masikio yakavuma, miguu ikalegea. "Amekuja," aliwaza.

Mlango ukagongwa. "Kapya! Unipe kaa la moto, mwana!"

Ilikuwa sauti ya Mama Kunda, jirani yao. Lakini Kapya alidhani mulozi ameiiga sauti hiyo, akanyamaza.

Nje, Mama Kunda alitazama uani: mbabula haipo. Akagusa dirisha: limefungwa, tena lina joto. Hakuita mara ya pili. Aliusukuma mlango kwa bega mpaka komeo likang'oka, akamburuta msichana nje. Kapya akatapika, akalia, akavuta ile hewa ya baridi.

"Hakuna mulozi," muuguzi wa zahanati alimwambia, huku baba yake, aliyeitwa kutoka kazini, amemshika mkono. "Makaa inatoa hewa mubaya. Haina harufu, haionekane. Ukifunga nyumba inakulaza, hauamuke tena. Hata ule mutoto wa barabara ya pili, mbabula ilikuwa pembeni ya kitanda."

Mguu wa farasi ulipasuka, kwa kuwa joto liliukausha nje tu. Alipopita asubuhi, Tata Ngosa hakukasirika. Alimwachia rangi katika kikopo. "Utengeneze tena, uache upepo ukaushe. Utapaka weye mwenyewe."

Mama aliporudi na kuambiwa yote, alikaa chini kwanza. Kisha akawaita watoto wote wa barabara ile, hata wale waliocheka, akawatajia mambo ya kuepuka:

Msiingize mbabula katika nyumba iliyofungwa, hata makaa yakiwa mekundu bila moshi.

Msizibe mlango na dirisha kukiwa na moto ndani.

Msikaushe kitu kwa haraka.

Msilale kichwa kikiuma karibu na makaa, tokeni nje.

Msinyamaze jirani akiwaita.

Na msimwache mwenzenu acheze peke yake.