Msipokee Bado

"Afriyie, kwa mara ya tatu na ya mwisho: tupokee vinywaji hivi vya posa vya akina Ofosu?" msemaji wa ukoo wake aliuliza.

Mara mbili alikuwa amejibu pokeeni. Sasa alitikisa kichwa, na ua mzima pale Kumasi ukamgeukia.

"Bado," alisema. "Walipokuja kuchunguza kama ukoo wetu una maradhi, mama aliwaambia jicho langu lilichomwa na kijiti. Si kweli. Ilikuwa saratani, nikiwa na miaka miwili. Jicho moja walilitoa, la pili wakalitibu kwa mionzi."

"Afriyie!" mama yake alifoka. "Si ulipona?"

"Kijiti!" Shangazi Dufie, dada wa baba yake Ofosu, alisimama. "Mkatulisha fufu na kijiti! Vijana, rudisheni chupa kwenye gari."

Ofosu alimshika Afriyie mkono, akampeleka nyuma ya turubai, kwenye masufuria ya wapishi.

"Kwa nini leo? Mbele za watu?"

"Kila nikitaka kukuambia, nakosa ujasiri. Halafu juzi daktari aliona uvimbe hapa." Aligusa upande wa uso wake, pale mfupa uliposinyaa tangu utotoni. "Mionzi iliokoa jicho, lakini inaweza kuleta saratani nyingine hata baada ya miaka mingi. Jumatano wanakata kinyama wakapime."

"Na watoto?"

"Kila mtoto, nusu kwa nusu, anaweza kurithi."

Ofosu alizunguka masufuria, akarudi, akazunguka tena.

"Ukiondoka sitakulaumu."

"Usiniharakishe! Naogopa, Afriyie. Niache niogope kidogo."

"Ogopa. Hata mimi naogopa."

Simu ya Ofosu ikalia. Ujumbe wa shangazi: "Chupa zimeshapakiwa. Njoo twende."

Alizunguka masufuria mara ya mwisho, simu mkononi. Kisha akajibu, Afriyie akisoma begani kwake: "Zishusheni. Jumatano nampeleka mke wangu hospitali."

Walipojitokeza, shangazi alikuwa akiwasubiri, mikono kiunoni.

"Wewe mtoto, umelogwa?"

"Nimeambiwa ukweli, shangazi. Wewe uliambiwa nini ulipoolewa?"

Mtu akacheka nyuma. Shangazi Dufie alimtazama mama yake Afriyie, aliyekuwa akilia ndani ya kitambaa chake.

"Nyamaza, mwenzangu. Labda hata mimi ningesema kijiti." Akapaza sauti. "Lakini sikieni wote! Mtoto akizaliwa, hata jina hapewi kabla daktari wa macho hajammulika. Na nitampeleka mimi, maana ninyi mtamficha."

"Utampeleka, shangazi," Afriyie alisema. Akamgeukia msemaji wa ukoo. "Pokeeni."