Kata ya Shangazi Atija

Anayetaka kubisha abishane na kata hii ya kuchotea maji, si na mimi. Nasimulia kama alivyonisimulia baba yangu, Cassamo, na baba hakuwa mtu wa porojo.

Ilikuwa kijijini Mute, wakati wa vita vya kumfukuza Mreno. Dada yake baba, shangazi Atija, alikuwa na kisima uani, maji matamu, jirani wote wakichota. Mvua za mwaka ule zilipokatika, maji yakaanza kunuka. Cadija, mwanawe wa pekee, akaharisha mpaka macho yakaingia ndani. Jirani wakasema Atija kafuga jini. Wale wale waliokuwa wakichota bure ndio walioanza. Mwuguzi akasema maji yana vijidudu: yachemshwe, kisima kikombwe, kitiwe chokaa. Maneno ya kweli, sina ugomvi nayo.

Baba na shangazi wakakomba hadi mchanga ukaonekana. Jikoni kilibaki chungu kimoja cha maji yaliyochemshwa, ya mtoto. Jua la utosini baba akateremka kwa kamba kusugua kuta. Shangazi akabaki juu, peke yake.

Baba akasugua. Akaacha. Kisha akanong'ona:

"Dada, nani huyu anaomba maji?"

"Wapi?"

"Huku. Nyuma yangu."

Shangazi akakaa chini. Ndipo akasema alichokuwa hajamwambia mtu. Kabla ya mvua alikuja mpiganaji wa msituni, ana risasi tumboni, akaomba maji. Askari wa Kireno walikuwa karibu, na aliyewasaidia watu wa msituni alichomewa nyumba. Shangazi akamwambia kisima kimekauka. Kata ilikuwa mkononi mwake, inachuruzika.

"Mpe," baba akanong'ona. "Amenishika bega."

Ndani Cadija alikuwa akililia maji. Maji safi yalikuwa yale yake tu. Shangazi akachota kata moja, akaisimamisha ndani ya ndoo, akaishusha.

Baba hakuigusa. Alisikia mtu akimeza. Taratibu. Muda mrefu. Kata ikapanda tupu. Baba akapanda midomo imekauka.

Wakatia chokaa. Cadija akapona, maji yakarudi matamu. Wasomi wananiambia ni chokaa na kuchemsha. Sawa. Lakini kijidudu hakishiki mtu bega.

Shangazi alipofariki, kata nikaichukua mimi. Imetundikwa jikoni kwangu, mbali na kisima chochote, na hakuna anayeitumia. Jana mchana niliishika.

Ilikuwa imelowa. Na ukingo wake, upande mmoja, ulikuwa na joto la mdomo.