Adabu ya Gembul

Kila asubuhi, kabla hata ya kunywa chai, Ningrum alikuwa na kazi ya kusukuma kizimba cha kenge kutoka sebuleni hadi uani, mahali ambapo jua la mji wao wa Salatiga hufika mapema. Kizimba kilikuwa na magurudumu, na moja kati ya hayo lilikuwa likigoma kama mwanafunzi wa zamu. Ndani alikaa Gembul, jina wanalopewa watu wenye mashavu manene na tumbo la kupenda kula. Alikuwa na urefu wa mkono wa mtu mzima, ulimi uliogawanyika kama uma, na mkia alioutumia kama mwalimu mkali anavyotumia fimbo.

Mwenye kenge alikuwa Mjomba Paryono, dereva wa lori la kabichi, ambaye alirudi nyumbani Jumamosi tu.

"Kenge si paka," alimwambia Ningrum siku alipomkabidhi. "Hana moto wake mwenyewe mwilini. Joto analiomba kwa jua. Aote kwanza, ndipo ale. Umesikia?"

"Nimesikia, Mjomba."

Kusikia alisikia. Masikio yake yalikuwa mazima kabisa.

Kisha mvua zikaanza, na baridi ikashuka kutoka mlima Merbabu na kuingia mpaka kwenye soksi. Jua likawa linachungulia kidogo kama mdaiwa, kisha linakwenda zake. Ningrum akiwa na umri wa miaka kumi na miwili, aliona blanketi ni tamu kuliko ahadi. Zaidi ya hayo, Gembul alikuwa mkorofi. Kila alipotolewa alirukaruka na kupuliza fuuu! Siku moja alimchapa Ningrum mkia, na siku nyingine akamchafulia sare ya shule kwa kitu ambacho hakifai kutajwa wakati wa chakula.

Babu Sastro, aliyekuwa akifuga njiwa wa kuimba, alicheka mpaka akakohoa.

"Mjukuu wangu, mnyama hafunzwi adabu kwa kuanikwa kama nguo. Mfunike! Unaona njiwa wangu?"

Katika mtaa ule kila mzee alikuwa na njiwa wake, na kila njiwa alikuwa na kitambaa cha kufunika tundu lake. Njiwa akifunikwa hutulia, huacha kupapatika, na siku ya mashindano huimba vizuri. Hilo kila mtu alilijua. Ningrum akachukua batiki kuukuu ya bibi yake, akafunika kizimba, akarudi kulala.

Ajabu ni kwamba dawa ilifanya kazi! Baada ya siku chache, Gembul hakupuliza tena. Mkia ulilala kama kamba iliyosahauliwa. Ningrum aliweza kumshika kichwa, hata kumkalisha mapajani. Akawaita wenzake waje kuona.

"Mguse tu, Tiwi. Ana adabu kuliko wewe."

"Hata kaka yangu akilala huwa na adabu," alijibu Tiwi. "Mbona hafungui macho vizuri?"

"Anafikiri."

"Kenge anafikiri nini?"

"Anafikiri kwa nini una maswali mengi!"

Watoto wakacheka, na Ningrum naye akacheka. Lakini jioni ile alipomwekea yai, Gembul alilimeza taratibu, na kesho yake yai lilikuwa sakafuni, limetapikwa, likinuka mpaka Bibi akafungua madirisha yote.

Jumamosi Mjomba Paryono alimtazama kenge wake kwa muda. Alimwona mdomo ukiwa wazi kidogo na ute ukining'inia puani.

"Amekuwa mpole mno huyu," alisema. "Ningrum, jua anaota?"

"Anaota, Mjomba."

"Kila siku?"

"Kila siku likiwaka." Batiki ilikuwa imekunjwa chini ya kitanda tangu asubuhi, na Babu alikuwa ametoka na njiwa wake.

Wakampeleka kwa Daktari Wulandari, daktari wa mifugo. Naye akauliza swali lile lile, akapata jibu lile lile. "Basi kama joto analipata, itakuwa minyoo," alisema, akampa dawa ya minyoo. Dawa ilikuwa nzuri kwa mwenye minyoo. Gembul hakuwa nayo. Wiki ile hakumeza hata panzi. Ngozi yake ilikunjamana, na miguu ikashindwa kumwinua. Ningrum alirudia kumsukuma uani, lakini mvua ilikuwa ikinyesha kuanzia alfajiri.

Jumamosi iliyofuata daktari alimgeuza Gembul mezani kama kitambaa kilicholowa.

"Nitamchoma sindano kali," alisema. "Lakini nisiwafiche. Kwa udhaifu huu, inaweza kumuua. Tusipomchoma pia atakufa, na mimi sijui kinachomla."

Mjomba aliitikia kwa kichwa tu. Daktari akavuta dawa kwenye sindano. Ningrum aliitazama ile sindano, akamtazama Gembul.

"Daktari, ngoja! Jua haoti!"

"Unasema?"

"Nilidanganya. Tangu mvua zianze sikumtoa, mpaka wiki hii. Nilimfunika na batiki kama njiwa. Chakula nilimpa, ila joto sikumpa."

Daktari aliweka sindano chini.

"Kumbe! Ugonjwa wenyewe ndio huo. Kenge akipoa, tumbo lake halisagi kitu. Chakula kinaozea ndani, na kifua kinashika baridi. Huyu hakuwa na adabu, binti. Alikuwa hoi."

Walirudi nyumbani na dawa nyepesi ya kifua na kazi nzito ya mikono. Mjomba alifunga balbu ya joto upande mmoja wa kizimba, akaizungushia waya ili Gembul asiungue, na chini yake akaweka jiwe bapa. Upande wa pili uliachwa wenye kivuli, ili mwenye nyumba achague mwenyewe joto au ubaridi. Ningrum alijaza udongo wenye unyevu wa kuchimbika, akaweka karai la maji la kumtosha kulowa mwili mzima, na kila siku aliyamwaga na kuyabadilisha, maana kenge hutumia beseni moja kwa kuoga na kwa choo bila haya. Chakula hakikutolewa mpaka mwili upate moto.

Babu Sastro alisimama pembeni akikuna kichwa. "Mimi ndiye niliyesema afunikwe," alinong'ona. "Nilidhani wa tundu ni wa tundu, awe njiwa au kenge."

Siku za kwanza Gembul alilala juu ya jiwe kama kiatu. Kisha ulimi ukaanza kutoka na kuingia. Kisha akala panya mzima, na safari hii panya hakurudi. Asubuhi moja Babu alipoinama kumsalimia, alipulizwa fuuu! na kuchapwa mkia wa goti.

"Amepona mshenzi huyu!" Babu alipiga kelele akichechemea, na nyumba nzima ikashangilia.

Jumamosi moja baadaye, Mjomba aliuliza kama kawaida, "Maji yalibadilishwa jana?"

Ningrum alivuta pumzi. "Hapana, Mjomba. Nilisahau. Nimeyabadilisha leo asubuhi."

Mjomba aliketi, akamvuta karibu.

"Nimefurahi. Kusahau ni kosa dogo, kesho unakumbuka. Lakini daktari alimtibu Gembul minyoo asiyokuwa nayo, kwa sababu alitibu maneno yako. Mnyama hana mdomo wa kusema anaumwa wapi. Anayemtunza ndiye mdomo wake, na mdomo huo ukidanganya, anayekufa ni mwingine."

"Nimeelewa, Mjomba."

"Haya, kafungue kizimba. Jua limetoka."

Ningrum alivaa glavu kwanza.